Pampu ya mafuta ikifa ukiwa barabarani: linda injini, na linda pesa iliyo kwenye simu

Tumezoea kuandika hapa kuhusu kulipa bili, kuweka akiba na kujikinga na matapeli. Leo tunaanzia pahali tofauti kidogo: chini ya kiti cha nyuma cha Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, ikiwa imezima kwenye mlima wa Kinungi saa kumi na moja jioni, Jumapili.

Mwenye gari ni mwenzetu, tunafanya naye kazi kwenye meza ya kupokea simu za wateja. Ametukubalia tuisimulie habari yake mradi tusimtaje jina, kwa sababu tayari anachekwa vya kutosha. Ndiye anayewaambia wateja kila siku, "Usitume pesa kwa mtu usiyemjua." Na siku hiyo alikuwa amebakisha kubonyeza tu.

Tuseme kwanza kwa nini mtu anunue gari kama hilo. Wakenya na Subaru ni mapenzi ya zamani. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na watoto waliosimama kando ya barabara wakimwagiwa vumbi siku zile ndio wanaozinunua leo zikiwa zimetumika. Mwenzetu aliinunua yake kwa jamaa wa hapa Nairobi, akailipa pole pole. Ni gari la mbio, lina tabo, linakula mafuta, na halikuwa limewahi kumwacha njiani.

Jumapili hiyo alikuwa akitoka Nakuru na mamake. Kwenye simu alikuwa na shilingi 41,200. Kati ya hizo, 38,000 zilikuwa karo ya mdogo wake, aliyetakiwa kuripoti shule Jumatatu. Shika hesabu hiyo, tutairudia.

Dalili zilikuwepo wiki mbili nzima. Kulikuwa na mlio mwembamba nyuma, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Akipita lori na kukanyaga, gari lilikuwa likijivuta na kukata, kisha linarudi sawa. Asubuhi lilihitaji kupigwa stata mara mbili. Na kwa sababu mafuta yamepanda bei, alikuwa amezoea kuweka ya elfu moja moja, taa ya tangi ikiwaka siku nyingi kuliko inavyozima. Kila kimoja peke yake ni kitu kidogo. Kwa pamoja, fundi yeyote angemwambia: pampu yako inaaga.

Walipofika kwenye mwinuko, gari likakohoa mara tatu, likazima. Akasukumia pembeni, akawasha taa za hatari, akatoka na laifseva mbili akaziweka nyuma, hatua zaidi ya hamsini. Hapo alifanya vizuri. Barabara ile ina malori na matatu zinazokimbizana na giza, na ukungu wa huko hauombi ruhusa.

Dakika kumi hazijaisha, jamaa akatokea na spana mkononi.

"Madam, pole. Hiyo ni pampu. Hizi gari nazijua. Nitumie elfu kumi na tano saa hii nipigie mtu wangu wa Nairobi, pampu inafika hapa saa mbili usiku."

Akatoa namba ya simu. Si till, ni namba ya mtu. Mwenzetu, baridi ikimpiga na jua likizama, akafungua menyu, akaandika namba, akaandika 15,000. Alipofika pa kuweka PIN, mama akateremsha kioo cha nyuma.

"Mwanangu, huyu amejuaje ugonjwa na hajafungua hata boneti?"

Hilo swali lina thamani ya elfu kumi na tano. Na cha kushangaza ni kwamba jamaa hakuwa amekosea: kweli ilikuwa pampu. Huenda alikuwa fundi wa haki kabisa. Lakini kuutaja ugonjwa sawasawa si sababu ya kumtumia mtu pesa ya dawa kabla hujapima, tena kwa namba ambayo kesho haitashika.

Pampu hii inafanya kazi gani

Kwenye magari ya injeksheni, pampu ya mafuta ni mota ndogo ya umeme inayokaa ndani ya tangi, imezamishwa kwenye petroli. Inasukuma mafuta kupitia filta hadi kwenye injini kwa nguvu inayofika kama bar 3. Petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Ukiendesha kila siku na tangi karibu tupu, pampu inabaki wazi, inapata joto, na uchafu uliotulia chini ya tangi unafyonzwa. Basi ile akiba ya kuweka mafuta ya elfu moja si akiba. Mafuta yaliyochanganywa nayo yana madhara yake. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na mafuta ya magari, ila haimaanishi kila kituo leo kiko safi. Nunua pahali unapopajua.

Wakati mwingine kosa si lako hata kidogo. Mwaka 2020 Toyota iliita mamilioni ya magari yake duniani kwa sababu kipande cha plastiki kinachozunguka ndani ya pampu kilikuwa kinaweza kuharibika umbo na kukwama. Ikiwa gari lako ni la miaka ya hivi karibuni, muulize wakala wa kampuni iliyolitengeneza, ukiwa na namba ya chesesi, kama liko kwenye orodha ya namna hiyo. Tengenezo la aina hiyo hulipiwa na kampuni, si wewe.

Sasa, kwa nini kwenye gari la mbio jambo hili ni kubwa kuliko kwenye gari dogo la kwenda sokoni? Kwa sababu ya tabo. Tabo inasukuma hewa nyingi kwenye silinda, na hewa nyingi inataka petroli nyingi. Juu ya hayo, nguvu ya mafuta lazima ipande pamoja na nguvu ya hewa, vinginevyo injekta zinashindwa kunyunyiza. Kwa hiyo pampu inafanya kazi ngumu zaidi pale unapokanyaga au unapopanda mlima, na ndiyo maana magari haya hukatikia kwenye mwinuko, si mbele ya nyumba. Pampu ikiwa dhaifu, hewa inazidi petroli, moto wa ndani ya silinda unapanda kupita kiasi, mlipuko unatokea wakati usiofaa, na pistoni zinavunjika kingo au kutoboka. Pampu ni ya maelfu. Injini ya tabo ni ya malaki. Gari la tabo likianza kukata unapokanyaga, usilazimishe. Ondoa mguu, tafuta pa kusimama.

Kabla hujatuma hata shilingi

Mwenzetu alifuta ule muamala, akampigia fundi wake wa kawaida wa Nairobi. Hiyo simu haikumgharimu chochote zaidi ya dakika. Hebu tueleze walichofanya, kwa sababu yeyote anaweza kukifanya, hata asiyejua spana.

Fundi alianza na lililo rahisi. "Dada, tulia. Mafuta iko?" Taa ilikuwa inawaka, lakini mshale haukuwa umelala kabisa. Akamwambia azime redio, afunge milango, afungue swichi bila kupiga stata, na mama asikilize kwenye kiti cha nyuma. Swichi ikifunguliwa, pampu nzima hunguruma kama sekunde mbili ikijaza laini, kisha inanyamaza.

"Unasikia nini, mama?"

"Kimya. Kama kanisa siku ya Jumatatu."

Kimya hicho kinaweza kuwa pampu, lakini kinaweza pia kuwa fyuzi ya shilingi hamsini. Wakafungua kisanduku cha fyuzi, wakatazama ya pampu kwa tochi ya simu. Ilikuwa nzima. Baada yake ni rilei. Mara nyingi kuna rilei nyingine inayofanana nayo kabisa, kwa mfano ya honi, kwa hiyo unazibadilisha mahali. Kama pampu ikinguruma na honi ikanyamaza, umepata mwizi, na umelipa bei ya rilei badala ya pampu. Hapa haikunguruma.

Jaribio la mwisho ni la wazee. Brashi za kaboni ndani ya mota zikiisha, mota hukwama pahali pamoja, na mtikisiko mdogo huiamsha. Mwenzetu alipiga magoti kwenye nyasi, akagonga chini ya tangi kwa kisigino cha kiatu huku mama akifungua swichi. Kiatu, mpira au kipande cha mti. Si chuma, kwa sababu ya cheche. Na kabla ya kugonga unanusa kwanza. Ukisikia harufu kali ya petroli au ukiona tone, acha kila kitu, ondoa watu, simama mbali.

Mgongo wa tatu, pampu ikanguruma.

Usifurahi. Pampu iliyoamshwa kwa kiatu ni mgonjwa aliyepewa glukosi. Fundi alimwambia asijaribu kwenda Nairobi, ageuze, ashuke Naivasha pole pole bila kukanyaga, kwa sababu kushuka hakuhitaji mafuta mengi na mjini kuna fundi na pa kulala. Kituoni aliweka lita kumi. Kutojaza kulikuwa na maana: tangi likijaa, kufungua kifuniko cha pampu kunakuwa hatari na mafuta humwagika.

Na yule jamaa wa spana? Alipewa shilingi mia mbili kwa kusaidia kusukuma gari lilipokuwa likigeuzwa. Alishukuru, akaenda zake.

Simu ilivyotumika Jumatatu

Fundi wa Naivasha alielekezwa na yule wa Nairobi; walifanya kazi pamoja zamani. Hii ndiyo njia nzuri ya kumpata mtu ugenini: mtu unayemjua akujulishe kwa mtu anayemjua. Alifungua kiti cha nyuma (kwenye magari mengine mfuniko uko ndani ya buti), akatoa waya wa betri kwanza, kisha akatazama plagi ya pampu. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, plastiki imeyeyuka upande mmoja.

Hapo ndipo tunapoomba msomaji asiruke. Mota iliyochoka huvuta umeme mwingi kuliko kawaida. Umeme mwingi huchemsha pini za plagi. Pini zikiungua, umeme unaofika unapungua, pampu inazunguka pole, na mota inateseka zaidi. Alirudisha betri, akapima pale kwenye plagi pampu ikiwa inafanya kazi: volti 9 tu, na betri ilikuwa na 12 na zaidi. Kama angeweka pampu mpya kwenye plagi ile, ingekufa baada ya miezi michache, na mwenzetu angelalamika kwamba ameuziwa feki. Fundi akisema "ni pampu", muulize amepima volti ngapi kwenye plagi. Kama hana kipimo, anakisia kwa pesa yako.

Spea ilibidi itoke Nairobi. Duka la kwanza la Kirinyaga Road walilopigia lilikuwa na pampu kwa 7,000, bei tamu. Wakatuma namba ya till. Mwenzetu akaiingiza, na kabla ya PIN jina likatokea: si jina la duka, ni la biashara ya kuuza nguo. Akawapigia tena.

"Ya boss iko na shida, tumia hiyo. Ni sawa tu, ni ya ndugu yake."

Inawezekana ilikuwa ya ndugu yake. Lakini jina linalotokea kwenye skrini ndilo sisi tunalolijua. Ukilipa duka la nguo, ushahidi wako unasema ulinunua nguo. Mzigo usipofika, duka la spea litakuambia halijapokea kitu, na litakuwa linasema kweli. Akaghairi.

Duka la pili liliuza 9,500, na filta 1,800. Kabla ya kulipa aliomba picha tatu kwa WhatsApp: boksi, namba ya spea iliyochapwa kwenye mwili wa pampu yenyewe, na pampu ikiwa mkononi mwa muuzaji na karatasi yenye tarehe ya leo. Picha ya kuchota mtandaoni haiwezi kuwa na tarehe ya leo. Namba ya spea akamsomea fundi wa Naivasha, aliyelinganisha na ya ile kuukuu. Pampu za magari ya mbio zinaigwa sana, hasa zile zinazotajwa kutoa lita 255 kwa saa. Feki huja na boksi zuri kuliko lile la kweli, ila maandishi kwenye mwili wa pampu huwa hafifu au hayapo. Bei ikiwa nusu ya wengine wote, jiulize nusu nyingine imeenda wapi.

Jina la till lililingana na jina la duka. Akalipa. Duka likapeleka mzigo kwenye stendi ya matatu za Naivasha, na mwenzetu akalipa 300 za kusafirishia kwa till ya sacco, akatumiwa namba ya mzigo na namba ya gari. Zingatia kwamba hakumtumia muuzaji ile 300 "ampelekee dereva". Kila mtu alilipwa kazi yake, kwa jina lake, na kila malipo yakaacha ujumbe wake kwenye simu. Saa sita na nusu mchana mzigo ulikuwa umefika. Watu wa umri wetu wanakumbuka kabla ya 2007, pesa ikifungwa kwenye bahasha na kupewa kondakta, na wewe ukibaki ukiomba Mungu.

Plagi mpya ilikuwa 500. Kazi, 2,500. Hiyo ya kazi alilipa mwisho: baada ya gari kuwaka mara tano likiwa baridi na moto, baada ya volti kupimwa tena, na baada ya kupanda nalo mlima kidogo fundi akiwa ameketi kando. Fundi hakuudhika, kwa sababu walikubaliana asubuhi, si jioni. Mkikubaliana mapema hakuna anayeonekana mchoyo.

"Nimelipa na gari halijapona. Mnirudishie."

Hii ni simu tunayopokea kila wiki, na jibu letu huwa halipendwi. Kurudisha muamala kumewekwa kwa ajili ya pesa iliyopotea njia: umekosea tarakimu, ikaenda kwa mtu mwingine. Hapo tupigie mara moja, usingoje kesho, kwa sababu tunachoweza kukizuia ni kile ambacho bado kiko kwenye akaunti ya aliyepokea. Akishatoa, mkono wetu unakuwa mfupi.

Lakini umelipa fundi uliyemkusudia, kiasi ulichokusudia, na kazi ikawa mbaya: huo si muamala uliokosewa, ni mgogoro wa kazi. Sisi hatuwezi kuingia kwenye akaunti ya fundi na kuchukua pesa kwa sababu mteja amesema pampu inalia. Kesho fundi mwingine angefanyiwa hivyo akiwa hana kosa. Tunachoweza kukupa ni taarifa ya miamala yenye tarehe, saa, jina na kiasi, na karatasi hiyo husaidia sana ukienda kulalamika dukani au polisi. Ndiyo sababu tunasisitiza till yenye jina la biashara. Omba pia risiti ya eTIMS dukani. Bila risiti, kesi ya "uliniuzia feki" inakuwa neno lako dhidi ya langu.

Bima pia watu huuliza. Bima kubwa ya gari kwa kawaida hulipa ajali, wizi na moto, si pampu iliyochoka. Ila baadhi ya mikataba ina huduma ya kuvutwa hadi umbali fulani. Soma yako leo ukiwa sebuleni, uhifadhi ile namba kwenye simu. Mwenzetu aligundua Jumanne kwamba alikuwa nayo.

Kwa mafundi wanaotusoma

Ninyi pia ni wateja wetu, na mnaibiwa kama wengine. Mteja ana haraka, gari limewaka, anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake: "Nimeshatuma." Ujumbe wa kughushi huandikwa na mtu yeyote. Usitazame simu yake, tazama salio lako. Ikiwa ujumbe umekuja kwenye simu yako lakini umetoka kwa namba ya kawaida badala ya jina la huduma, na salio halijasonga, hujalipwa. Na kama "mteja" akipiga baada ya dakika mbili akilia kwamba ametuma zaidi umrudishie, usirudishe kwa mkono. Mwambie atupigie sisi.

Jambo jingine: msinunue spea ya mteja kwa pesa yenu mkitumaini atalipa. Mwambie alipe duka moja kwa moja, ninyi mbaki na ufundi wenu. Mtapoteza ile shilingi mia tano ya juu, tunajua, na wengine hamtatupenda kwa kusema hivi. Lakini mteja anayeona bei ya duka kwa macho yake hurudi.

Karo

Tuirudie ile hesabu. Pampu 9,500, filta 1,800, plagi 500, kazi 2,500, mzigo 300. Jumla 14,600. Kulala Naivasha, watu wawili, 1,500. Petroli 2,000. Zile mia mbili za kusukuma zilitoka mfukoni mwa mama. Zikaondoka 18,100, zikabaki 23,100 kabla ya ada za miamala. Karo ni 38,000.

Kama angetuma ile 15,000 barabarani, angebaki na 26,200, gari bado limelala Kinungi, na bado hajanunua pampu. Hata hivyo, tusijidanganye: karo ililiwa.

Kitu cha kwanza alichofikiria ni mkopo wa papo hapo kwenye simu. Tunauza mikopo hiyo, na tungeweza kunyamaza hapa. Lakini mkopo unaotozwa kwa siku unafaa pengo la siku mbili tatu, si pengo la mwezi. Yeye alijua mshahara ungeingia tarehe 28, wiki tatu mbele. Mama akamwambia apige simu shule kwanza.

Akampigia mhasibu wa shule, akaeleza, akaomba kulipa sehemu sasa na nyingine mwisho wa mwezi. Mhasibu akakubali, akataka jambo moja: ombi liandikwe. Akalipa 22,000 kwa paybill, namba ya kujiunga ya mwanafunzi ikiwa kwenye nafasi ya akaunti, si jina. Jina husababisha pesa kuelea mpaka mtu aende ofisini. Salio la 16,000 likaandikwa kwenye barua. Mdogo wake akaripoti Jumanne, siku moja baada ya wenzake, akiwa amebebwa hadi getini na Impreza iliyokuwa ikinguruma vizuri, jambo ambalo tunaambiwa lilimsamehesha dada yake kabisa.

Sasa hivi karo haikai tena kwenye salio la kawaida. Siku pesa ya karo inapoingia, inaenda moja kwa moja kwenye akiba iliyofungwa hadi tarehe ya kulipa, au inalipwa shule hiyo hiyo siku. Kando yake kuna akiba nyingine, ya shilingi 150 kila siku, imepewa jina "Gari". Mwezi wa siku 30 ni 4,500, kwa hiyo pampu na kazi yake ni miezi mitatu na wiki moja hivi. Aliiweka ijikate yenyewe saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajaamka vizuri kuanza kubishana nayo.

Na hajashusha mshale chini ya robo tangu siku hiyo. Akifungua swichi asubuhi, anangoja zile sekunde mbili kwanza, redio ikiwa imezimwa.